Mlima Ulipolazwa Ili Tupime Oili

Niliota usiku wa jana, na sikuwa nimekula kitu chochote cha kumletea mtu ndoto. Nilikunywa uji, nikalala. Niliota stiki ya oili, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili ya gari la kijiji, amekuja nyumbani kwangu kunipa pole.

Alipiga hodi kama watu. Nikamfungulia. Alikuwa mwembamba vile vile ninavyomjua, amenyooka, ile pete yake ya kushikia iko juu kama kichwa kisicho na uso. Kiunoni amejifunga kitambaa cha fundi.

"Pole na msiba, mzee," akasema.

"Nimeshapoa," nikamjibu, maana ndivyo tunavyojibu hata kama mtu hajapoa.

Nikamkaribisha kiti. Akasema anashukuru, lakini yeye hana mahali pa kujikunja. Yeye ni wa kusimama au wa kuchomekwa. Nikamwacha asimame.

Nieleze kidogo, maana huenda wewe unayesoma hukai milimani. Gari lenyewe ni pikapu. Tulilichangia wenyewe, kijiji kizima, ili wagonjwa wasiteremshwe tena kwa machela kutoka huku kwetu juu Upare mpaka hospitali iliyo bondeni. Wakubwa wakaunda Kamati ya Gari, na kamati ikamweka dereva, Togolani, mtu mzima mwenye wake na watoto, asiyejibizana na mtu. Starta ilipokufa, kamati ikasema ya nini kununua starta wakati mlima upo? Tangu hapo gari huegeshwa limeangalia chini. Asubuhi Togolani anaachia breki, gari linateremka lenyewe, anatia gia, linawaka. Na pale pale lilipoegeshwa, likiwa limeinama hivyo, ndipo linapopimwa oili. Kila siku stiki hutoka amelowa mpaka alama ya juu. Kila siku kamati hufurahi.

Mke wangu Nakundwa alipandishwa nyuma ya gari hilo, juu ya godoro letu, tumbo likimkata. Tulipofika kwenye kona za msituni injini ikanoki. Ilikaza kama ngumi ya mtu mchoyo, hakuna aliyeweza kuizungusha. Nakundwa akafia pale, gari limesimama, ndege wanaimba kama kawaida yao. Wakubwa walipokuja matangani wakasimama mbele za watu wakasema, "Oili ilikuwa imejaa, tulipima wenyewe. Hii ni kazi ya Mungu." Mimi hawakuniuliza. Na Mungu naye sidhani kama walimuuliza.

Sasa gari limefungwa injini nyingine. Na binti yangu wa pekee, Yunisi, ana mimba yake ya kwanza. Amekuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi, akakuta mama hayupo, amebaki huyu mimi. Asubuhi ilikuwa ashushwe bondeni akasubirie siku zake karibu na hospitali. Kwa gari hilo hilo. Injini nyingine, kamati ile ile.

Basi stiki akaniambia, "Jioni wamenipima kwa ajili ya safari ya Yunisi."

"Wakakuonaje?"

"Nimejaa."

"Umejaa kweli?"

"Sijui. Walinipima nimeinama."

Nikamwambia aseme vizuri, mimi sikusoma sana.

"Hata mimi sikusoma," akasema. "Sikiliza. Mtu akining'inizwa kichwa chini, damu yote ikamjia usoni, ukimtazama utasema huyu ana damu nyingi. Mimi nakaa mbele ya injini. Gari likiinama, oili yote inakimbilia mbele, inakuja kuniegemea. Hata ikiwa kidogo. Wananichomoa nimelowa mpaka kifuani, wanasema imejaa. Kumbe nyuma kule vyuma vinakula vyuma."

"Na siku ya mama Yunisi?"

"Siku hiyo nilikuwa nimelowa mpaka shingoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliulizwa nimelowa wapi, nikaonyesha nilipolowa. Sikuulizwa tumesimama wapi."

Nilimtazama. Nilitaka kumpinda. Lakini mtu akija kwenye nyumba ya msiba hapindwi, hata akiwa amechelewa. Nikamuuliza anataka nini.

"Niulizwe tena kabla Yunisi hajapanda. Mahali tambarare. Injini imezimwa, oili imeshuka, nami nimefutwa kwanza. Hapo nitasema."

Tukaanza kutafuta tambarare. Huku kwetu si kazi ndogo. Tulitaja uwanja wa mpira, tukauacha, maana timu inayocheza kuelekea chini ndiyo hufunga mabao yote ya kipindi hicho, na kipa wa juu huwa anachimba viazi. Tukataja ua wa kanisa, tukauacha, maana hata sadaka ikidondoka inakwenda kuokotwa mtoni. Mwisho nikamwambia mahali tambarare ninapopajua ni pale tu, kwenye sakafu ya kaburi la Nakundwa. Waliolichimba waliipima kwa maji kwenye sufuria, wakairekebisha mpaka maji yakatulia.

"Hapo gari haliingii," akasema stiki.

"Gari haliingii, abiria wake ndiye aliyeingia," nikasema.

Tuliponyanyua macho, ukuta wa nyumba yangu ulikuwa umekuwa chuma, kuna joto, na tumo ndani ya injini. Sikushangaa. Nilivua kofia, maana kamati ilikuwa kwenye kikao.

Wamekaa kila mtu juu ya pistoni yake. Mmoja akipanda, mwenzake anashuka. Anayezungumza ni yule aliye juu, na akishaanza kushuka sauti inamfuata chini, huwezi kusikia mwisho wa jambo. Mwenyekiti Sefueli amevaa suti, ameshika kiti chake kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba Yunisi," anasema akipanda. "Kijiji bado kina majonzi na..." Anashuka.

Nasubiri. Anapanda tena.

"...wewe. Sema shida yako kwa kifupi."

"Nataka gari lipelekwe tambarare, lipimwe oili upya."

"Oili imejaa."

"Ilijaa na siku ile."

Wote wananitazama. Walio juu wananitazama kutoka juu, walio chini wananitazama kutoka chini. Mjumbe mmoja mnene anasema, "Mzee, uchungu unakusemesha. Kaoge, ulale."

"Kijiji hiki hakijawahi kuwa na tambarare," anasema mwenyekiti. "Ukitaka kitu ambacho hakipo, unatuchonganisha na walio juu yetu. Halafu unarukia kupima. Utapimaje oili ambayo haijachaguliwa? Kwanza tuchague."

Nikamgeukia stiki. Stiki akasema kwa sauti ndogo kwamba katika hilo mwenyekiti hajakosea, oili lazima ichaguliwe, ila tuangalie namna.

Mara tuko nje, kwenye mteremko wa mbele ya ofisi ya kijiji, mchana wa jua kali, na watu wote wa kijiji wamesimama. Wagombea ni watatu. Tunaambiwa tutapiga kura kwa mstari, kila mtu akasimame nyuma ya oili anayemtaka.

Wa kwanza ni Oili Nzito. Amevaa koti. Anaombwa aseme sera zake. Anafungua mdomo, lakini huku milimani asubuhi ina baridi, na baridi ya asubuhi bado imo ndani yake, basi neno linaanza kutoka polepole, linaning'inia mdomoni kama asali, halidondoki. Mwenyekiti anamwambia muda wake umekwisha.

Wa pili ni oili safi, rangi ya chai ya rangi. "Jina langu limeandikwa kwenye kifuniko cha injini yenu," anasema. "Asubuhi ya baridi natiririka, mchana wa joto sikimbii. Naosha uchafu ninapopita, naubeba mwenyewe. Lakini mimi nachoka. Nikishachoka mnimwage, mnitie mwingine."

Watu wananung'unika. "Huyu hajaanza kazi, ameshazungumzia kuondoka!" anasema jirani yangu. "Wa hivyo atatufikisha wapi?"

Wa tatu ni Oili Chafu. Yumo kwenye dumu la mafuta ya kupikia, mweusi kama sakafu ya jiko, na mwenyekiti anamwita shemeji.

"Ndugu zangu," anasema Oili Chafu, "mimi sihitaji kujifunza kazi. Nimetoka kwenye lori. Kabla ya lori nilikuwa kwenye trekta. Nimechujwa kwa kitambaa cha mke wa mwenyekiti. Nina uzoefu. Na ninyi mnanijua, mimi ndiye niliyepaka nguzo zenu zisiliwe na mchwa. Mimi sibadilishwi. Nikiingia nimeingia."

Makofi. Hata mimi mikono yangu ilipiga, nikaikemea ikaacha.

Ndipo nikaona walivyopangwa. Oili Nzito amesimamishwa juu kabisa. Yule safi amesimamishwa katikati. Oili Chafu amesimamishwa chini, mteremko unapoishia. Na ardhi imemwagiwa maji.

Watu wakaanza kwenda kwenye mistari yao. Jirani yangu yule yule, mimi nilimwona kwa macho yangu, alikwenda kusimama nyuma ya oili safi. Akasimama vizuri. Kisha miguu ikamponyoka, akateleza na makalio yake mpaka chini, akaishia nyuma ya Oili Chafu. Bibi mmoja akashika majani, majani yakang'oka, akaenda nayo. Mchungaji akaenda amekaa, Biblia mapajani. Mtu akifika kule chini anajipangusa, anasimama kwenye mstari, na baada ya kitambo kidogo anaanza kusema kwamba hata yeye tangu mwanzo huyu ndiye aliyemtaka.

"Wananchi wamesema," akasema mwenyekiti.

"Wameteleza!" nikapiga kelele.

"Baba Yunisi, heshimu uamuzi wa wengi."

"Mwenyekiti, umewaweka kwenye mteremko!"

"Mteremko sikuuweka mimi. Niliukuta."

Hilo ndilo wanalolijua wakubwa, kusema neno la kweli mahali ambapo halina kazi. Nimeliona kwenye matanga ya mke wangu, nikaliona tena ndotoni. Nikageuka kumtafuta stiki, nikamwona amenyooka kama kidole, ananionyesha gari lilipo. Limeegeshwa pale linapoegeshwa siku zote. Na nyuma ya gari, juu ya godoro letu, amekaa Nakundwa.

Amekaa kama mtu anayesubiri wenzake wamalize kununua vitunguu. Amevaa khanga aliyokuwa nayo. Hakuwa mzimu, alikuwa mke wangu, na uso wake ulionyesha amechoka kusubiri.

"Baba Yunisi," anasema, "mnachelewa."

"Tunatafuta tambarare, mama Yunisi."

"Tangu lini mnatafuta?"

"Tangu ulipokufa."

"Na msaragambo mmeupiga?"

Nikaona haya. Huku kwetu kazi ikimshinda mtu mmoja, inapigwa pembe, na pembe ya msaragambo ikilia hakuna anayebaki nyumbani, si tajiri wala maskini. Barabara yenyewe tulichimba hivyo. Lakini siku hizi pembe inakaa kabatini kwa mwenyekiti, na anayeipiga ni lazima awe na ruhusa.

Nakundwa akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa pembe. Sikumuuliza ameipataje. Enzi za uhai wake pia alikuwa anapata vitu, huulizi. Akaipuliza.

Pembe inalia. Watu wote waliokuwa kwenye mstari wa Oili Chafu wanageuka. Wanakuja mbio, wanapanda mteremko kwa magoti, wengine na majembe, wengine mikono mitupu.

"Tuchimbe wapi?" wanauliza.

"Hamchimbi," anasema Nakundwa. "Mlima umesimama siku zote. Mlazeni."

Basi tukaulaza. Sijui niseme vipi ili uelewe. Tuliushika kama anavyoshikwa mgonjwa. Wengine wakaenda kichwani, kule kwenye mawingu, wakaweka viganja chini ya kisogo chake. Wengine mabegani. Wengine wakakamata miguu kule bondeni kwenye mashamba ya mkonge. Mimi nikaingiza mkono chini ya kiuno, maana mgonjwa asiposhikwa kiuno ndiye hupiga kelele. Nakundwa akawa anatuongoza. "Taratibu. Kichwa kwanza. Msimwachie."

Mlima ukaguna. Ukashuka. Misitu ikalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Migomba ikajiweka sawa. Tukaulaza chali, tukauvutia shuka la ukungu mpaka kifuani.

Kisha tukasimama, na watu wakaanza kuyumba. Hakuna kati yetu aliyewahi kusimama tambarare. Jirani yangu alichechemea hatua kadhaa akasema kumbe mguu wake mmoja ni mrefu, na siku zote alidhani ndio urefu wake. Mwenyekiti Sefueli alikuwa bado ameshika kiti. Yeye hakuushika mlima. Alipotuona wote tuko kimo kimoja naye, akatafuta mahali pa juu pa kusimama, akazunguka, asipate.

"Zima injini," akasema stiki.

Ikazimwa.

"Sasa subirini oili ishuke."

Tukasubiri. Nikafikiri tutasikia vitone, kumbe tuliwaona wakija. Wanatoka juu ya injini, wamekuwa wazee weusi, wamebeba mizigo yao mgongoni, wanashuka kwa miguu mmoja mmoja, wameshikilia mikongojo. Wamechoka. Ngozi yao imejaa vumbi la chuma.

Mwenyekiti anatazama saa. "Mimi nina kikao."

"Kaa, mwenyekiti," anasema Nakundwa. "Wazee wanashuka."

Akakaa.

Walipofika wote chini wakajikusanya, wakawa kikundi kidogo cha kukaa kwenye benchi moja. Nikamwamkia mkubwa wao. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wengine wako wapi?"

"Ni sisi hawa unaotuona."

"Lakini gari lilijazwa."

"Lilijazwa. Wenzetu wameungua. Wamepenya kwenye ringi za pistoni zilizolika, wameingia motoni, wametokea kwenye bomba la moshi. Hamkuona moshi wa buluu nyuma ya gari?"

Watu wakatazamana. Tuliuona. Kila mtu aliuona. Kamati ikatuambia ni ukungu wa milimani.

Nakundwa akashuka kwenye gari. Alishuka mwenyewe, akashika ubavu wa bodi, akaweka mguu kwenye tairi. Siku ile alipandishwa na watu wanne. Akamshika stiki kwa pete yake, akamchomoa, akaanza kumfuta kwa ncha ya khanga.

"Mbona unafuta!" mwenyekiti akaruka. "Hapo ndipo penye ushahidi! Imejaa, kila mtu anaona!"

"Haya ni maneno ya jana," akasema Nakundwa. "Yamemgandia tu mwilini."

Akafuta mpaka stiki akang'aa. Kisha anamchomeka. Anamsukuma mpaka pete inagusa. Watu wote wameshika pumzi, hata mlima umeshika pumzi, naona kifua chake hakipandi. Anamchomoa.

Stiki ametoka mkavu. Ncha tu ndiyo nyeusi, kama kidole kilichogusa sufuria.

"Sema," nikamwambia.

"Oili haikunifikia," akasema stiki mbele ya watu. "Wala leo, wala siku ile."

Niliyangoja maneno hayo. Nilidhani yakisemwa nitapiga kelele, au nitamrukia mtu. Sikufanya kitu. Nilikaa chini tu, na chini ilikuwa sawa pande zote.

Mwenyekiti akakohoa. "Kamati imeona," akasema. "Lakini tuwe wakweli. Kabla hamjaulaza mlima, oili ilikuwa imejaa. Mmeulaza, imepungua. Sasa nauliza, nani aliyewapa kibali cha kulaza mlima?"

Watu wakaendelea kumtazama stiki.

"Kama kuna kosa," akaendelea, "ni la mlima. Mlima ndio uliinamisha gari."

Mlima ukafumbua macho. Sikujua kama una macho. Yalikuwa yale mapango mawili ya popo. "Mimi nilisimama hapa kabla babu yako hajapata mahali pa kujenga," ukasema. "Nilimwinamia nani? Aliyeegesha ni nani? Aliyekataa kununua starta ni nani? Wewe mtoto, usinitie maneno mdomoni, nimelala kwenye mawe yangu mwenyewe na kiuno kinaniuma."

"Tutalifanyia kazi," akasema mwenyekiti, akaandika mahali fulani hewani kwa kidole.

Nikainuka nikamfuata Nakundwa. "Panda, mama Yunisi. Tutie oili twende. Sasa tunajua. Yule safi yupo pale, tumimine mpaka kwenye alama, tutafika bondeni jua bado liko juu. Panda."

Alikuwa anakunja khanga ili lile doa jeusi libaki ndani.

"Mimi safari yangu imekwisha," akasema.

"Haikwisha. Ilikatizwa."

"Basi ilikatizwa. Lakini siipandi tena. Hiyo nafasi kwenye godoro ni ya Yunisi."

"Nitamwambia nini?"

"Umwambie asipande mpaka umeona kwa macho yako. Wewe, sio kamati. Huwezi kukaa mlangoni unawalaani tu, halafu mtoto akaenda na oili ya kuambiwa."

"Hao ndio waliokuua."

"Najua walioniua. Wewe una mikono."

Nilitaka agombe kidogo zaidi, maana nimekaa muda mrefu bila mtu wa kunigombeza nyumbani. Akarudi kukaa pembeni ya barabara, akatazama mbali, kule ambako siku zote tulikuwa tunaona bonde kwa chini na sasa bonde lilikuwa mbele yetu tu, kama uwanja wa jirani.

Watu walikuwa wameanza kuchukua majembe yao warudi nyumbani. Mlima ukasikia mikono inaachia.

"Nainuka," ukasema.

"Bado!" nikasema.

"Kiuno, mzee. Kiuno."

"Vumilia mpaka mtoto aondoke. Mpaka tupime tu."

"Basi nishike vizuri hapo uliponishika mwanzo," ukasema. "Lakini sikuahidi."

Nikapiga magoti. Nikaingiza mkono chini yake. Ni mzito, sitasema uongo. Mkono ukaanza kufa ganzi, kwanza vidole, halafu kiwiko. Nikamwita Nakundwa aje anisaidie. Hakugeuka.

Nikaamka nimelalia mkono wangu.

Kulikuwa kumekucha. Nikasikia sauti ya Yunisi nje, anacheka kidogo na mtu, kile kicheko cha mwenye mimba anayehofia kucheka sana. Nikatoka na shati mkononi.

Togolani alikuwa ameshaleta gari, kaliegesha barabarani juu ya nyumba yetu, limeangalia chini kama kawaida. Godoro lilikuwa nyuma. Yunisi amesimama pembeni na kikapu chake cha vitenge vya mtoto. Alikuwa amempa Togolani chai.

"Shikamoo, mzee," akasema Togolani.

"Marahaba."

"Leo gari lina mambo. Tangu alfajiri nimetaka kuligeuza kidogo likae vizuri. Naachia breki, halishuki. Limekaa tu, kama ng'ombe aliyeshiba."

Hakuwa ameshika kikombe. Nilitazama mikono yake yote miwili, haina kitu. Kikombe kilikuwa juu ya boneti. Hakuna mtu huku kwetu anayeweka kikombe juu ya boneti akakiacha. Kitateleza kabla hujakitoa kidole. Kile kilikuwa kimekaa. Nikasogea karibu. Chai ilikuwa imejaa, na imegusa ukingo sawasawa pande zote.

"Togolani," nikasema, "fungua boneti."

"Mzee, jana jioni tulipima na mwenyekiti. Imejaa, haki ya Mungu."

"Ondoa kikombe, ufungue."

Akafungua. Nikamchomoa stiki. Hakusema kitu, wala sikutegemea aseme mbele ya watu. Alikuwa amelowa mpaka alama ya juu. Nikamfuta kwa shati langu mpaka akang'aa, nikamchomeka, nikamsukuma mpaka pete ikagusa, nikamchomoa.

Togolani akainama akatazama. Akatazama tena. Ncha tu ndiyo ilikuwa nyeusi.

"Baba, nipande?" akauliza Yunisi.

"Bado, mwanangu. Hupandi mpaka oili iingie humu na mimi nimeona."

"Dukani iko, ile yenye jina la kwenye kifuniko," akasema Togolani polepole, bado ameinama. "Niifuate baadaye, au..."

Ndipo chini ya nyayo zangu kitu kikaguna, kama mgonjwa aliyelazwa upande mmoja muda mrefu anayetaka kugeuka. Juu ya barabara jiwe dogo likaanza kubingirika, likasimama, likasubiri.

Nikamwambia Togolani akimbie dukani sasa hivi.